Umbo la Mtu, Utu Uko Wapi?

Ndugu yetu mmoja wa Ndama, Karagwe, ametuuliza kama ni kweli kwamba huko pwani liko jengo la mawe lenye umbo la mnyama. Twamjibu hivi: jengo liko, ila umbo lake ni la mwanadamu. Ni Ngome ya Yesu, iliyoko Mombasa.

Ngome hiyo ilijengwa na Wareno tangu mwaka 1593 hadi 1596, kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, aliyetawala Ureno pia. Mchora ramani alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Wajuzi wa Ulaya wa zama zake waliamini kuwa kipimo kilicho kamili hutokana na mwili wa binadamu. Ndiyo maana aitazamaye ngome kutoka angani huona kama mtu aliyelala chali, kichwa chake kikielekea baharini.

Lakini tusidanganywe na umbo. Jina la mchora ramani latajwa mpaka leo. Majina ya waashi na vibarua waliokata mwamba wa matumbawe na kuinua kuta zile hayatajwi. Waomani walipoizingira ngome tangu 1696 hadi 1698, njaa na maradhi viliwamaliza watu waliokuwa ndani. Kisha Waingereza wakaifanya gereza, tangu 1895 hadi 1958. Mtu yule wa mawe akawa tumbo la kumezea watu.

Ndugu wa Ndama atatuelewa upesi. Katika hazina ya Mukama Rumanyika wa Karagwe, katika karne ya 19, walikuwamo ng'ombe waliofuliwa kwa chuma. Walikuwa fahari ya ufalme, lakini hakuna ndama aliyepata kunyonya kwa ng'ombe wa chuma. Kadhalika mtu wa mawe hana huruma, hata kama vipimo vyake ni kamili.

Mwaka 1960 ngome ilifunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Ni jambo jema. Basi, ndugu, ukijaliwa kufika huko, usistaajabie kuta tu. Uliza pia: ni nani waliozijenga, na ni nani waliofungwa ndani yake? Umbo la mtu huchongwa na fundi. Utu hutunzwa na watu wenyewe.