Majuu bila makaratasi: Bili inalipwa na nani?

KARIBU kila mtaa hapa Nairobi una yule jamaa ‘aliyepotelea’ Marekani. Alienda na viza ya masomo au ya kutembea, muda ukaisha, naye akabaki. Pesa anatuma, picha anaposti. Lakini siku mzazi anapofariki, yeye mazishi huyafuatilia kwa simu.

Mbona asirudi tu? Kuna sheria ya 1996. Ukikaa Marekani bila kibali zaidi ya siku 180 kisha uondoke, unafungiwa nje miaka mitatu. Ukifikisha mwaka mzima, ni miaka 10. Sheria iliyonuia kuwaondoa watu imewafanya wengine waogope kutoka.

Sasa tuje kwa pesa, maana hapo ndipo Wamarekani hukabana koo. Shirika la FAIR, linalotaka uhamiaji upunguzwe, lilikadiria mwaka 2023 kuwa wahamiaji wasio na kibali huwagharimu walipa kodi takriban dola bilioni 150 kila mwaka, hata baada ya kutoa kodi wanazolipa. Kodi hizo FAIR iliziweka karibu bilioni 32. Taasisi ya ITEP nayo ikapiga hesabu yake: mwaka 2022 walilipa bilioni 96.7.

Nani mkweli? Inategemea unamhesabu nani. FAIR hujumlisha pia watoto wao waliozaliwa Marekani, ambao ni raia. Mtoto ni gharama akiwa darasani, ila akikua hulipa kodi kama wengine. Tena mzigo na faida haviingii mfuko mmoja. Shule hulipiwa zaidi na majimbo na serikali za mitaa, na tangu 1982 Mahakama ya Juu ilisema mtoto asinyimwe shule kwa kukosa makaratasi. Kodi nyingi nazo huenda serikali kuu, zikiwemo za pensheni ambayo mhamiaji huyo hana ruhusa ya kuidai.

Kurekebisha sheria kumejaribiwa. Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyowapa vibali watu wapatao milioni 2.7. Waajiri waliambiwa wataadhibiwa wakiandika wasio na kibali, lakini wengi hawakuguswa, na watu wakaendelea kuingia. Ndiyo maana wapinzani husema msamaha hualika wengine. Mwaka 2013 Seneti ilipitisha mswada wa kufungua njia ya uraia kwa kura 68 dhidi ya 32. Bunge la Wawakilishi halikuupigia kura hata.

Tangu hapo upepo umegeuka. Mwaka 2025 Bunge la huko lilitenga takriban dola bilioni 170 kwa mipaka na misako. Sheria hiyo hiyo iliweka ushuru wa asilimia 1 kwa pesa taslimu zinazotumwa nje, kuanzia Januari 2026. Kwetu hilo si la mbali: Marekani ndiyo inayoongoza kwa pesa ambazo Wakenya walio ng’ambo hutuma nyumbani.

Kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake. Lakini kuacha mamilioni ya watu wakifanya kazi gizani ni gharama pia, na hiyo haionekani kwenye bajeti.

Nawe kijana, kabla uuze kipande cha shamba cha guka upate nauli, uliza swali moja: viza ikiisha, nitarudi vipi?