Kifua cha Mtoto Kinapopiga Mluzi: Je, Ni Pumu, na Je, Inaweza Kutabiriwa?

Katika ziara zetu kwenye maduka ya dawa yaliyo kando ya barabara ya Mikumi hadi Ifakara, swali moja hutufikia mara nyingi kuliko mengine, na pale Kiberege tuliulizwa na mama aliyekuwa amembeba mtoto wa miaka miwili. Kila mtoto huyo apatapo mafua, kifua hulia kama filimbi. Mmoja amemwambia ni pumu, mwingine amemwambia ni kichomi, na wa tatu amemuuzia dawa ya maji ya kikohozi. Alitaka kujua mambo mawili tu: mtoto ana nini, na je, atakua nayo?

Sisi tunaodhibiti ubora wa dawa hatutibu wagonjwa, wala kijitabu hiki hakichukui nafasi ya mganga. Hata hivyo, mtumiaji anayejua utafiti umefika wapi hununua kwa busara zaidi, na katika jambo hili utafiti umefika mahali pa kumsaidia.

Jambo la kwanza ni kwamba neno pumu halitaji ugonjwa mmoja. Ni jina la pamoja la hali kadhaa ambazo dalili zake hufanana: kubanwa kifua, mluzi, kikohozi cha usiku, na pumzi kukatika. Ipo pumu inayoanza utotoni na kuambatana na mzio wa vumbi, chavua au manyoya. Ipo inayomwanza mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na mzio wowote. Ipo inayohusiana na unene wa kupindukia, na ipo inayochochewa na vumbi au kemikali za kazini. Ndani ya njia za hewa pia mambo hutofautiana. Kwa wagonjwa wengine uvimbe huletwa na chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, na kwa wengine chembe hizo ni chache kabisa.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Dawa ya sindano iitwayo mepolizumab, ambayo hupunguza eosinofili, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa pumu wa kila namna, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yakaonyesha kwamba haikuwafaa. Mwaka 2009 watafiti wakaijaribu kwa wagonjwa wenye eosinofili nyingi peke yao, na mashambulizi makali yakapungua. Dawa ilikuwa ile ile, ila safari hii ilipewa wagonjwa wanaostahili.

Sasa tugeukie kutabiri. Utafiti mashuhuri zaidi ulianza mwaka 1980 katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, Marekani, ambako watoto 1,246 waliandikishwa tangu kuzaliwa na kufuatiliwa kwa miaka mingi. Matokeo ya mwaka 1995 yalionyesha kwamba karibu nusu ya watoto waliofuatiliwa walikuwa wamewahi kupiga mluzi kifuani kabla ya kutimiza miaka 6. Lakini karibu 20 kati ya kila watoto 100 walipiga mluzi kabla ya miaka 3 tu, kisha wakaacha. Wengine 15 hivi walianza baada ya umri huo, na 14 hivi walianza mapema wakaendelea. Kwa maneno mengine, mtoto mchanga anayepiga mluzi wakati wa mafua ana nafasi kubwa ya kuyaacha hayo akikua. Mara nyingi sababu ni virusi vya mafua katika njia za hewa ambazo bado ni nyembamba.

Mwaka 2000 watafiti hao wakatunga kipimo cha kukisia ni yupi ataendelea. Huanza na mtoto aliyepiga mluzi mara kwa mara kabla ya kufikisha miaka 3. Kisha huulizwa kama mzazi wake mmoja ana pumu, au kama mtoto mwenyewe ana ule ugonjwa ambao kwetu huitwa, kwa usahihi wa kushangaza, pumu ya ngozi. Jibu la ndiyo kwa mojawapo latosha. Lisipopatikana, hutafutwa mawili kati ya haya matatu: mafua ya mzio, mluzi usioambatana na mafua, na eosinofili kufika asilimia 4 au zaidi ya chembe nyeupe za damu. Kati ya watoto 100 waliotimiza masharti hayo, 76 walionekana kuwa na pumu wakati fulani katika miaka ya shule. Waliobaki hawakuonekana nayo, ingawa kipimo kiliwahesabu. Tena kiliwakosa wengi walioipata baadaye.

Hapa inafaa tusimame, kwa kuwa Kiberege si Tucson. Eosinofili hupanda pia kwa sababu ya minyoo na kichocho. Wakazi wa bonde la Kilombero hawahitaji kuelezwa habari za minyoo. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia watoto wa kijiji cha Kikwawila, wilayani Kilombero, kwa ajili ya maradhi hayo hayo. Aidha, mabuu ya minyoo ya askari hupita mapafuni katika safari yake mwilini, na mtoto huweza kukohoa na kupiga mluzi kwa sababu hiyo pekee. Basi karatasi ya maabara yenye eosinofili nyingi, ambayo Arizona ingeelekeza kwenye pumu, huku kwetu yaweza kuelekeza kwenye choo na maji ya shambani. Mzazi akiambiwa mtoto ana pumu kwa sababu ya kipimo hicho tu, ana haki ya kuuliza kama choo cha mtoto kimepimwa.

Kwa Afrika Mashariki tunao utafiti wa jirani. Nchini Uganda, watafiti wakiongozwa na Harriet Mpairwe walilinganisha wanafunzi wenye pumu na wasio nayo, na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Waliozaliwa mjini walikuwa katika hatari kubwa kuliko waliozaliwa kijijini. Pumu ya baba au mama iliongeza hatari, na vivyo hivyo mzio wa mtoto mwenyewe. Watoto wa nyumba zinazopikia gesi au umeme nao walikuwa na pumu zaidi. Tafadhali asiwepo atakayesoma hayo akarudi kwenye kuni. Gesi katika utafiti kama huo yaweza kuwa alama tu ya maisha ya mjini, ilhali moshi wa kuni, wa mashamba yanayochomwa na wa miwa hukiwasha kifua ambacho tayari ni kigonjwa. Vumbi la pumba kwenye mashine za mpunga hufanya vivyo hivyo.

Vipimo vya vinasaba havitatuchukua muda mrefu. Tangu mwaka 2007 yamejulikana maeneo ya vinasaba yanayohusiana na pumu ya utotoni, lakini kila moja huongeza hatari kidogo tu. Anayekuuzia kipimo cha mate au cha damu kwa ahadi ya kukuambia kwa hakika kwamba mwanao atapata pumu, anakuuzia ahadi ambayo sayansi haijaitoa. Maswali yenye thamani zaidi hayauzwi: nani katika familia ana pumu, mluzi huja lini, huja bila mafua, huamsha usiku? Yaandikeni majibu nyuma ya daftari la kliniki, pamoja na tarehe. Mganga wa zahanati, au wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara mkifika huko, atafaidika nayo kuliko na kumbukumbu ya siku moja yenye wasiwasi.

Kuhusu dawa, kosa tunalolihofia zaidi ni kutegemea dawa ya kutuliza peke yake. Salbutamol ya kuvuta hufungua njia za hewa kwa saa chache, na huokoa maisha, lakini haitibu uvimbe. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa dawa hiyo pekee. Huhitaji pia dawa ya kuvuta ya kuzuia uvimbe, kama beclometasone au budesonide. Kopo la salbutamol kwa kawaida lina mivuto 200. Anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka arudi kwa mganga, maana pumu yake haijadhibitiwa. Vidonge na maji ya salbutamol hufanya kazi polepole na huleta mapigo ya moyo ya kasi zaidi kuliko ya kuvuta. Prednisolone inayonunuliwa mara kwa mara bila cheti yaweza kudhoofisha mifupa na kuzuia ukuaji wa mtoto.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa moja kwa moja kutoka kwenye kopo. Huhitaji chombo cha kuihifadhi hewani kwanza. Kisipopatikana, msikate tamaa. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kwenye kitako na kuzibwa vizuri pale kopo linapoingia, ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Mwombeni mhudumu wa afya awaonyeshe namna ya kuitengeneza kabla ya kuihitaji usiku.

Mnaponunua, angalieni tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kopo lenyewe, si kwenye boksi tu, na hakikisheni muuzaji ana kibali kilichobandikwa ukutani. Duka la dawa muhimu lina orodha fupi ya dawa kuliko famasi. Msikubali kupewa mbadala kwa sababu tu ile iliyoandikwa haipo. Daini risiti na muihifadhi pamoja na boksi. Kopo likiwa tupu kabla ya wakati, au dawa ikileta madhara, pelekeni vyote viwili kituo cha afya na mwombe taarifa ijazwe ili itufikie.

Na mtoto akishindwa kunyonya au kumaliza sentensi, mbavu zikivutwa ndani, au midomo ikigeuka rangi ya bluu, mpeni dawa ya kutuliza kama mlivyoelekezwa huku mkiwa tayari njiani kuelekea hospitali.