Gridi imefika Kasulu na Kibondo, breka zipangwe upya

OKTOBA 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkoani Kigoma uzimaji wa majenereta ya dizeli ya Shirika la Umeme Tanzania (Tanesco), baada ya Kibondo na Kasulu kuunganishwa na gridi ya Taifa kupitia Nyakanazi. Kwa wenye mashine za kusaga, karakana na viwanda vya nyanda hizo, ilikuwa nafuu iliyosubiriwa kwa miaka mingi. Hata hivyo, chanzo cha umeme kinapobadilika, hubadilika pia ukubwa wa moto unaoweza kuzuka ndani ya kabati la swichi.

Wengi wanapotaja hatari ya umeme humaanisha kupigwa na umeme kwa kugusa waya. Mweko ni jambo jingine. Hutokea mkondo unaporuka hewani kati ya baa mbili za shaba, mathalani fundi anapodondosha spana ndani ya paneli iliyo hai. Hewa yenyewe hugeuka kuwa njia ya umeme, na joto huweza kufikia nyuzi 20,000 za Sentigredi, zaidi ya mara tatu ya joto la uso wa jua. Shaba hugeuka mvuke, mvuke hutanuka ghafla, na mshindo wake huweza kumrusha mtu na kumpasua ngoma za masikio. Fundi huungua vibaya bila kugusa chochote. Mhandisi wa Marekani, Ralph Lee, aliieleza hatari hiyo kitaalamu mwaka 1982; mwongozo wa kuikokotoa, IEEE 1584, ulitolewa mwaka 2002 na kurekebishwa mwaka 2018.

Ukali wa mweko hutegemea zaidi mkondo, umbali wa fundi, na muda ambao moto unawaka kabla ya breka kukata. Muda ndio ulio mikononi mwa mhandisi. Mweko uliokatwa ndani ya sekunde 0.05 badala ya 0.5 humfikishia fundi sehemu ya kumi tu ya nishati ileile.

Hapo ndipo suala la gridi na jenereta linapoingia. Transfoma ya kVA 500 inayotoa volti 400, yenye impidansi ya asilimia 4, huweza kusukuma karibu ampea 18,000 penye hitilafu iwapo gridi iliyo nyuma yake ina nguvu ya kutosha. Jenereta la ukubwa huohuo hutoa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, na mkondo wake hushuka upesi. Kwa haraka mtu angesema basi jenereta ni salama zaidi. Sivyo. Breka iliyopangwa kukata papo hapo kwenye mkondo mkubwa haishtuki mkondo ukiwa mdogo. Husubiri, na mweko dhaifu unaodumu sekunde mbili waweza kuunguza kuliko ule mkali uliokatwa mara moja.

Kiwanda kilichohamia gridi huku kikibakiza jenereta la akiba kina vyanzo viwili, na mipangilio ya breka haina budi kukokotolewa kwa vyote viwili. Hoja hiyo inahusu pia pampu za maji na vyumba vya upasuaji vinavyotegemea majenereta, ikiwa ni pamoja na vya makazi makubwa mfano wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996.

Njia za kufupisha muda zipo. Kuna relei zinazouona mwanga wa mweko na kuamuru breka ikate ndani ya milisekunde chache. Kuna fyuzi zinazobana mkondo kabla haujafikia kilele. Kuna pia swichi ya matengenezo, ambayo fundi huigeuza kabla ya kufungua paneli ili breka ikate bila kusubiri. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na paneli mpya. Umbali nao huongezwa kwa kuendesha breka kutoka chumba kingine.

Lakini kinga ya kwanza haihitaji kifaa kipya: kuzima, kufunga swichi kwa kufuli, kisha kupima kama kweli umeme haupo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, na visingizio vya kwamba uzalishaji hauwezi kusimama kwa nusu saa ni vyepesi mno mbele ya majeraha ya aina hii.

Usafi wa paneli nao si jambo dogo. Vumbi jekundu la kiangazi, panya na mijusi wanaopenya kwenye matundu ya nyaya huweza kuanzisha mweko pasipo mtu yeyote kushika spana. Matundu hayo huzibwa.

Mavazi huja mwisho. Ovaroli maalumu hupimwa kwa nishati inayoweza kuihimili, na ngozi tupu hupata malengelenge kwa takriban kalori 1.2 tu kwa kila sentimita ya mraba. Shati la nailoni au poliesta ni baya kuliko yote, kwa kuwa huyeyuka na kugandamana na ngozi.