Una ukulele na kazi ni kucharaza tu? Hebu waache vidole watembee

Kama una ukulele kwako, najua ulivyoanza. C, Am, F, G7. Wiki moja tu na tayari ulikuwa unacharaza juu-chini, juu-chini, marafiki wakiimba. Miezi mitatu baadaye kila wimbo unasikika kama ule wa jana, na ala yenyewe iko juu ya kabati ikila vumbi.

Mimi yangu ilinitia aibu mbele za watu. Binamu yangu aliniomba nimpigie akiimba kwenye ibada ya kumuaga nyanya yetu. Nikacharaza kwa nguvu zangu zote. Tulipotoka, shangazi akanivuta kando: "Mwanangu, umepiga vizuri, lakini yeye hatukumsikia." Hadi leo maneno hayo yananiuma.

Nilichohitaji siku ile ni kudonoa, yaani kugusa uzi mmoja mmoja badala ya kuzipiga zote nne kwa pamoja. Na usidhani ni mambo ya ughaibuni. George Mukabi, gwiji wa omutibo kutoka magharibi mwa Kenya, alidonoa gitaa lake kwa gumba na kidole cha shahada. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga vilevile; sikiliza "Masanga", uliorekodiwa 1952, uniambie kama huyo ni mtu mmoja au wawili.

Sasa shika ukulele yako. Gumba limiliki uzi wa G na wa C, cha shahada kikae kwa E, cha kati kwa A. Shika kodi ya C, kisha donoa hivi: C kwa gumba, E kwa shahada, G kwa gumba, A kwa kidole cha kati. Rudia. Polepole jamani! Weka metronomu ya simu kwenye 60 na usiiongeze hadi uweze kupiga huku ukiongea na mtu. Ukishaweza, hamia Am, F na G7 bila kubadilisha mpangilio wa mkono wa kulia. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu mkono wa kushoto ukichelewa, wa kulia nao husimama kuungoja. Usiusimamishe. Heri noti moja ikwame kuliko mdundo ukatike.

Kucha ndefu si lazima. Nyuzi ni za nailoni, nyama ya kidole inatosha.

Kitu kimoja huwachanganya waliotoka kwa gitaa. Kwenye ukulele ya kawaida, uzi wa G ulio karibu na uso wako si wa besi. Uko juu, chini kidogo tu ya A. Uzi mzito kuliko wote ni C. Wengi huuona huu kama ulemavu wa ala, lakini kwangu ndio utamu wenyewe. Jaribu hivi: donoa G wazi, kisha A wazi, kisha uzi wa G kwenye freti ya nne, halafu uzi wa A kwenye freti ya tatu. Umepanda G, A, B, C, na kila noti imetoka uzi tofauti na iliyotangulia, kwa hivyo zinaingiliana na kulia kama kengele. Mbinu hiyo huitwa kampanela, na gitaa la kawaida hutoka jasho kuifikia.

Kisha kuna kubana. Gumba na kidole cha kati vidonoe C na A kwa wakati mmoja mwanzoni mwa mdundo, halafu uendelee na mpangilio wako. Ukiwa bado kwenye kodi ya C, inua kile kidole kilichokanyaga freti ya tatu, sauti itashuka hadi A. Kanyaga freti ya pili, upate B. Tayari una kodi na melodi kwa mkono uleule, na bado hujaimba.

Faida nyingine ni ya wanaoishi bedsita: ukidonoa saa nne usiku, jirani hagongi ukuta.

Mwaka uliofuata tulikutana tena nyumbani kwa kumbukumbu ya nyanya. Binamu akaimba wimbo uleule. Nilidonoa nyuzi mbili tatu tu, tena kwa upole, na safari hii shangazi alikuwa akiimba naye.