Bundi Anayelipa Karo

Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba bundi akilia juu ya paa, msiba unakuja. Hata baada ya kumpokea Bwana, bado wako akina mama wanaoamka usiku kumfukuza kwa mawe na kijinga cha moto. Mambo ya Walawi, sura ya 11, inamtaja bundi miongoni mwa ndege wasioliwa. Haisemi popote kwamba sauti yake inaua mtu. Bundi alialo usiku anamwita mwenzake, na chakula cha wengi wao ni panya na wadudu.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu katika pwani ya Kenya yuko bundi mmoja ambaye watu husafiri kutoka nchi za mbali ili wapate picha yake. Makao yake ni msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio kati ya Kilifi na Malindi, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Ni mdogo ajabu: urefu wake ni sentimita 16 hivi, hafiki penseli mpya. Nje ya hapo anajulikana katika sehemu chache tu, mojawapo ikiwa misitu ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, na amehesabiwa kati ya ndege walio katika hatari ya kutoweka.

Mchana hulala, mara nyingi dume na jike wakiwa wamegusana mabega, ndani ya vichaka vilivyosongamana penye udongo mwekundu. Rangi yake ni ya kijivu au kahawia, sawa na majani makavu yanayomzunguka. Waweza kusimama hatua chache kutoka alipo, ukatazama na usimwone. Wanaomjua ni waongozaji wenyeji, ambao huingia msituni alfajiri kumtafuta kabla mgeni hajafika.

Akishaonekana, kazi ya picha ndiyo kwanza inaanza. Humo kichakani, hata saa nne asubuhi, mwanga ni kama wa jikoni ambamo dirisha halijafunguliwa. Kamera ina njia tatu za kujisaidia. Lenzi hufunguliwa wazi kabisa. Namba ya ISO hupandishwa, lakini ikipanda mno picha hujaa chembechembe kama unga wa dona. Njia ya tatu ni kuacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi, na hapo mkono ukitikisika kidogo tu picha yote imeharibika. Kwa ndege anayerukaruka njia hiyo haifai. Kwa bundi aliyelala inafaa sana: kamera ikiwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu, yaweza kuachwa wazi kwa sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Mwenye simu tu aegemeze viwiko magotini, apige picha nyingi, kisha achague moja.

Flashi izimwe. Macho yale yameumbwa kwa ajili ya giza.

Tena wako wanaovunja vijiti ili ndege aonekane vizuri, wakasahau kwamba vijiti hivyo ndivyo vinavyomficha asiliwe na ndege wakubwa. Bundi akijinyoosha akawa mwembamba kama kijiti, na macho yakabaki mistari miwili, wageni husema anasinzia. Hasinzii. Amekuona, na ana hofu. Rudi nyuma polepole.

Sasa tuje kwenye karo. Mwaka 2001, A Rocha Kenya, shirika la Kikristo la kutunza mazingira, lilianza mpango uitwao ASSETS. Fedha wanazolipa wageni, kwa mfano wanapopita daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko ya Mida, huingia katika mfuko wa kusaidia karo ya sekondari kwa watoto wa familia zinazopakana na msitu. Msaada huo haumfikii kila mtoto. Lakini mama aliyekuwa akitegemea gunia la makaa kila muhula unapofunguliwa anajua uzito wake. Na bundi anayesumbuliwa kila asubuhi huhama kichaka. Mwongozaji akimkosa, mgeni naye hana la kumrudisha.

Mkitaka kwenda pamoja na watoto, pangeni na mwongozaji siku moja kabla, na mfike kituo cha msitu cha Gede mapema. Vaeni viatu vya kufunika miguu kwa sababu ya siafu. Nguo za rangi kali zibaki sandukuni. Watoto waliokwisha kuanza shule huweza kunyamaza kwa dakika kumi wakipewa kazi ya kuhesabu sauti za ndege. Mtoto mchanga abaki na bibi yake siku hiyo.