Mti Unaochunwa kwa Ajili ya Wazee

Katika misitu ya milimani, tangu Kameruni hata Kenya, uko mti ambao wataalamu huuita Prunus africana, na Wakikuyu huuita muiri. Wazee walilichemsha gome lake kwa maradhi mengi kabla halijatiwa chupani Ulaya. Lakini hataza ya mwaka 1966 iliombwa na Mfaransa, Jacques Debat, kwa dawa ya uvimbe wa tezi dume, ule unaowatesa wanaume wazee wakati wa kukojoa.

Ndani ya gome zimo steroli zipunguzazo uvimbe, na asidi ya feruliki, ambayo huizuia oksijeni isiharibu chembe hai, kama ndimu izuiavyo parachichi lililokatwa lisiwe jeusi. Nafuu yake ni ya kadiri, wala si tiba ya saratani. Mwenye dalili na aanze kwa daktari.

Ndugu msomaji, chakula kitokacho majanini kwenda mizizini hupita katika gome la ndani. Mti ukichunwa kuuzunguka wote, hufa. Ukichunwa pande mbili zinazoelekeana, gome huweza kuota tena. Lakini mchunaji alipwaye kwa kilo, tena bei duni, atangojaje miaka? Hatuwezi kumlaumu yeye peke yake.

Tangu mwaka 1995 biashara hii iko chini ya mkataba wa CITES, na gome halivuki mpaka bila kibali. Wako wakulima wa Kameruni na Kenya walioupanda mti huu mashambani. Gome lao ndilo linalostahili kununuliwa kwanza, kwa bei itakayowawezesha kuungoja ukue.