Sababu ya Kukumbukwa kwa Injini za Gardner

Nchini Uingereza, wapenzi wa malori ya zamani wakutanapo, injini ya Gardner iliyoundwa Patricroft, karibu na Manchester, haikosi kutajwa. Aina ya 6LX, iliyotolewa mwaka 1958, ilikuwa na silinda sita, nayo ilitoa nguvu za farasi 150 kwa mizunguko 1,700 tu kwa dakika. Kwa kuwa ilizunguka polepole, vyuma vyake havikulika upesi, na dizeli haikupotea bure. Ndiyo maana ilifungwa katika malori ya ERF, Foden na Atkinson.

Kwa hiyo, chama kinachokusudia kununua lori kisitazame nguvu peke yake. Ni wajibu wa kamati kuuliza kwanza injini inakula mafuta kiasi gani na itadumu miaka mingapi, kwani fedha ni za wanachama.